Mfuko wa Upepo Ukivuja, Usikimbilie Kompresa

Ndugu mafundi, ndugu madereva, habari za asubuhi. Leo tunazungumzia mpira mmoja tu: mfuko wa upepo unaobeba gari badala ya springi ya chuma. Nitatumia mfano wa Land Rover Discovery 3, gari la kuanzia 2004 hadi 2009, lile toleo lenye upepo kona zote nne. Mipira yake ya kiwandani sasa imezeeka.

Malalamiko huja hivi: jioni gari limeachwa wima, asubuhi limekaa kitako. Likiwashwa linanyanyuka polepole, mwenye gari anaondoka zake, na hapo ndipo gharama inapoanza kupanda. Kompresa, yaani pampu inayojaza upepo, imeundwa kufanya kazi kidogo na kupumzika. Mfuko ukivuja, haipumziki. Inapata moto, ringi ya pistoni inalika, na rilei, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, inaweza kuganda ikaendelea kuizungusha hata baada ya kuzima gari, mpaka betri iishe. Mteja ananunua kompresa mpya, na baada ya muda nayo inakufa, maana kilichoiua ile ya kwanza bado kimo ndani ya gari.

Kwa hiyo tuanze na uvujaji. Gari hili lina tabia inayodanganya wengi. Hata likizimwa, kompyuta yake ya upepo huamka kila baada ya saa kadhaa na kushusha kona zisizovuja zilingane na ile iliyoshuka. Asubuhi unakuta gari zima liko chini, hujui mgonjwa ni kona ipi. Lipaki mahali tambarare, toa fyuzi ya mfumo wa upepo, kisha pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mudigadi, kona zote nne, na uandike. Rudia zikipita saa 12. Ikishuka kona moja, shuku mfuko, paipu yake au vali yake. Zikishuka mbili za mbele au mbili za nyuma kwa pamoja, anza na bloku ya vali, ile inayogawa upepo kwa kona hizo mbili. Zote zikibaki palepale lakini gari halinyanyuki likiwashwa, hapo sasa ndipo uende kwenye kompresa na rilei yake.

Sabuni ya maji na maji kwenye chupa ya kupulizia inatosha kuonyesha tundu. Mpira huchanika zaidi kwenye mkunjo wa chini, pale unapojiviringisha kila gurudumu linapopanda na kushuka, na mchanga ukiingia humo huusaga kama msasa. Gari likiwa chini, ufa hujificha ndani ya mkunjo. Lipandishe hadi kimo cha juu kabisa, weka stendi imara chini ya chesisi, ndipo upulizie. Kabla ya stendi, usitie mkono kati ya tairi na mudigadi, wala usiingie chini. Upepo unaweza kutoka ghafla na gari likashuka lote.

Najua kuna wanaobandika kiraka cha pancha. Hakishiki. Tairi lina takriban bar 2.5, mfuko hubeba bar 5 hadi 10, na mpira wake unakunjwa muda wote gari linapotembea. Nunua mpya, na kama wa upande wa pili ni wa umri uleule, badilisha yote miwili.

Wakati wa kufungua, toa kwanza upepo wa kona hiyo kwa mashine ya kupimia gari, ile inayochomekwa kwenye kompyuta yake. Kama huna, vaa miwani, gari likiwa kwenye stendi, na ulegeze nati ya paipu robo mzunguko hadi sauti ya upepo iishe kabisa. Ncha ya paipu iliyochubuka ikate kwa wembe, mkato uwe wima bila mshazari, na ufunge kiungio kipya. Cha zamani ndicho kitakachovuja wiki ijayo.

Kosa linaloua mfuko mpya ni kuushushia gari ukiwa mtupu. Mpira hukunjika vibaya na kubanwa, na unachanika siku hiyohiyo. Jaza kona hiyo kwa mashine wakati uzito bado uko kwenye stendi, tazama mkunjo umekaa sawa pande zote, ndipo ushushe jeki taratibu. Boliti za bushi, ile mipira ya kwenye viungo vya mikono ya gurudumu, zikazwe mwisho, gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida, la sivyo bushi zinabaki zimejipinda.

Ukipatwa njiani, toa rilei ya kompresa uiokoe, hakikisha tairi haligusi mudigadi ukikata usukani hadi mwisho, punguza mzigo, na uende kilomita 30 hadi 40 kwa saa mpaka gereji ya karibu tu.

Kwa wenzetu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, hewa yenu ina unyevu mwingi. Kompresa iliyofanya kazi mfululizo huwa imelowesha kikausha hewa chake, kwa hiyo badilisha chembe zake za kunyonya unyevu pamoja na mfuko. Kisha toa tena ile fyuzi, pima kona zote nne, na mwache mteja asubiri hadi kesho asubuhi mpime tena pamoja.