Mzee Jolene wa 33

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tulipanga masomo matatu ya gitaa kwenye Jolene, ule wimbo wa mwanamke anayemsihi Jolene asimchukulie mume: kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, kidole gumba, halafu ile mikwaruzo inayowasumbua wengi. Lakini Kimani, hebu kwanza waambie habari za mzee.

KIMANI: Dada, tuanze na kapo.

ZUHURA: Mzee kwanza.

KIMANI: Haya. Jumanne nilipata santuri ya Jolene, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Swichi ya pleya ilikuwa kwenye 33, sikuangalia. Sindano ikashuka, mzee akaanza kuimba. Jirani akabisha hodi kuuliza ni nani huyo anayelilia mke.

ZUHURA: (anacheka) Masikini mzee wa watu! Na kumbe ni Dolly Parton.

KIMANI: Ndiye yeye, rekodi ileile ya RCA Studio B pale Nashville, Mei 1973. Wimbo ukatoka Oktoba, na Februari 1974 ukawa namba moja kwenye chati ya country ya Billboard. Uingereza walichelewa, uliingia kumi bora mwaka 1976, ukafika namba saba.

ZUHURA: Na jina?

KIMANI: Dolly amelisimulia mara nyingi. Mtoto wa kike wa miaka kama minane, nywele nyekundu, alikuja jukwaani kutaka sahihi yake. Alipotaja jina lake, Dolly akawa analirudiarudia asije akalisahau. Kisa chenyewe kimetoka kwingine, kwa karani wa benki aliyekuwa akimchangamkia mume wake, Carl Dean.

ZUHURA: Ambaye alianza kupenda kwenda benki kupita kiasi.

KIMANI: Kuliko pesa walizokuwa nazo! Sasa kapo...

ZUHURA: Ngoja. Kwa nini 33 inamgeuza mwanamke kuwa mzee? Mbona wimbo ukishushwa tu kwenye gitaa hauwi hivyo?

KIMANI: Sawa, hilo swali zuri. Gawanya 33 na theluthi kwa 45, unapata kama 0.74. Kila kitu kinabaki na robo tatu hivi za mwendo wake. Wimbo wa dakika mbili na sekunde 41 unafika dakika tatu na sekunde 37. Mapigo yalikuwa kama 110 kwa dakika, yanashuka mpaka 81 hivi. Sauti nayo inateremka zaidi kidogo ya nusu-toni tano, yaani freti tano za gitaa, kwa hiyo wimbo unatoka C shapu mdogo unaangukia karibu na G shapu mdogo.

ZUHURA: Lakini mimi nikiimba nusu-toni tano chini nabaki Zuhura. Nakuwa Zuhura mwenye mafua.

KIMANI: Kwa sababu koo lako halijabadilika. Pleya inashusha noti pamoja na mwangwi wa koo na mdomo, ule unaokuambia huyu ni mtoto, huyu ni mtu mzima. Sikio linasikia koo refu. Tena mtetemo wa Dolly ni wa haraka sana, ukipunguzwa mwendo unakuwa wimbi pana, kama mtu anayezuia kilio. Ndiyo maana programu za simu zinazopunguza mwendo bila kushusha sauti hazikupi mzee. Zinakupa Dolly aliyechoka.

ZUHURA: Mzee hapatikani kwenye simu!

KIMANI: Anapatikana, lakini uzime ile sehemu ya kulinda sauti. Intaneti inamjua siku nyingi. Na nitasema wazi: kwa 33 wimbo ni bora zaidi. Unasikia gitaa la Chip Young, gumba kwenye besi na vidole juu, noti moja moja. Kwa 45 inapita kama mvua kwenye bati.

ZUHURA: Hapo sikubali.

KIMANI: Najua.

ZUHURA: Sikubali kabisa. Sikiliza kiitikio. Jina mara nne, kila jina na kodi yake...

KIMANI: Kodi ya gitaa, jamani, si ya nyumba.

ZUHURA: ...kila jina na kodi yake, na sauti inapanda, kabla hajaomba chochote. Huyu mwanamke hana nafasi ya kuvuta pumzi. Akinyamaza, mume ameondoka. Ule mwendo ndio ombi lenyewe. Ukipunguza, mambo yameshaisha, mzee ameachwa, analia peke yake. Huo ni wimbo mwingine.

KIMANI: Lakini maneno ni yaleyale, na mwimbaji ni yuleyule.

ZUHURA: Mashine haiimbi, Kimani. Hakuna mtu aliyeamua kuuimba hivyo.

KIMANI: Na nani aliamua jirani yangu asikie uchungu? Aliusikia.

ZUHURA: Alisikia mota ya pleya! Tena mimi mtu wa Mombasa nakuambia, kinachonishangaza hapa si uchungu, ni adabu. Kwetu mwanamke akimwimbia anayemnyemelea mumewe, ni mipasho. Atamtaja kwa mafumbo, atamvua nguo mbele za watu, na mashoga zake watamtunza. Dolly anamsifu: nywele, ngozi, macho, sauti. Anamsifu haraka haraka kabla hajapoteza ujasiri.

KIMANI: Basi wako ni ule wa Beyoncé, aliouimba upya 2024. Yule haombi, anaonya.

ZUHURA: Beyoncé aliupeleka Mombasa! Lakini ona, hata yeye hakuupeleka kwa 33.

KIMANI: Angeupeleka ungekuwa...

ZUHURA: Usimalizie. Hatutakubaliana.

KIMANI: Hatutakubaliana. Dakika ngapi zimebaki?

ZUHURA: Tatu.

KIMANI: Eh! Haya, kapo freti ya nne, maumbo ya kodi za Am, C, G, Am, utapata C shapu mdogo ya santuri. Ikae karibu kabisa na chuma cha freti, upande wa kichwa cha gitaa. Ikirudi nyuma, nyuzi zinakwaruza, na watu wanakaza kapo zaidi, nyuzi zinavutika, gitaa linapanda. Ukishaifunga, pima nyuzi upya, usiamini ulivyozipima kabla. Gumba: kwenye Am anza uzi wa tano, halafu wa nne, tano, nne, bila kusimama. Kwenye C vilevile. Kwenye G linahamia wa sita na wa nne, na hapo ndipo wengi...

ZUHURA: Dakika moja.

KIMANI: ...ndipo wengi gumba linasubiri vidole. Lisisubiri. Fanya gumba peke yake kwa mapigo 60 kwanza, ukifika 81...

ZUHURA: 81 ni ya mzee!

KIMANI: Ya mzee, ndiyo! Ukifika 81 pigia juu ya santuri ya 33, kapo palepale ila kwa maumbo ya Em, G, D, Em. Ila gitaa halitalingana naye sawasawa, kwa sababu ile kidogo iliyozidi nusu-toni tano ni...

ZUHURA: Muda umekwisha, ndugu yangu. Vidole wiki ijayo. Na wewe, rudisha swichi kwenye 45 kabla jirani hajamletea mzee chakula.

KIMANI: Jana ameleta chapati.