Silinda Inavuja: Nini Kimeila Sili?

Vijana wangu, habari za asubuhi. Silinda hii mezani ni ya katapila la tairi, lile lenye kijiko nyuma. Ni kuukuu, limewazidi umri wengi wenu. Mwenyewe kaileta akasema, "Fundi, badilisha sili." Nataka mjue cha kumjibu: tuangalie kwanza nini kimeila sili, ile pete inayozuia oili isivuje.

Tatizo la kuvuja ni la tangu mwanzo. Joseph Bramah alipopata hataza ya mashine yake ya kukandamiza kwa nguvu ya maji, Uingereza, mwaka 1795, maji yalimsumbua kwa kupenya pembeni mwa pistoni. Henry Maudslay, fundi wa karakana yake, ndiye anayetajwa kupata dawa: pete ya ngozi yenye mdomo. Presha ikipanda, mdomo unatanuka na kubana zaidi. Sili hii niliyoishika ni mjukuu wa ngozi ile, ndiyo maana mdomo wake lazima uelekee upande wa presha. Ukiugeuza, oili inapita kama vile hujaweka kitu.

Kabla ya kushika spana, shusha kijiko mpaka kilale chini, zima injini, chezesha leva zote presha iishe. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 100, kwa presha ya bar 150, inasukuma karibu tani 12. Na paipu inayovuja haipapaswi kwa mkono! Tumia kipande cha boksi. Oili inayoruka kwa presha kutoka tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi. Utaona alama ndogo kama umechomwa na mwiba, kumbe ndani nyama inaharibika. Nenda hospitali saa ileile, mwambie daktari ni oili ya presha. Huenda ukahitaji upasuaji wa haraka.

Niliwahi kubadilisha sili za silinda kama hii mara mbili ndani ya wiki moja. Mwenye mashine hakusema neno, na ukimya wake uliniuma kuliko matusi. Mara ya tatu nikachukua pamba, nikaipitisha taratibu kwenye rodi nzima, ile nondo laini inayoingia na kutoka kwenye silinda. Karibu na ncha, nyuzi zikanasa. Nikamulika tochi: mkwaruzo mfupi kama punje ya mchele, kingo zimeinuka. Kila rodi ilipoingia na kutoka, ulikuwa unanyoa mdomo wa sili.

Mkwaruzo ulitoka wapi? Sili ya nje kabisa, ya kufuta vumbi, ilikuwa imekauka, ngumu kama kucha, mchanga ukaingia. Ni ya bei ndogo, na mimi mara zote mbili niliiacha ya zamani. Kingo nilizilainisha kwa jiwe laini la kunolea lenye oili. Mkwaruzo ungekuwa wa kina, rodi ingekwenda kupakwa kromu upya. Msisugue msasa kwa urefu wa rodi: mnaichimbia oili mifereji.

Sili mpya pimeni kwa mfereji inamokaa, maana ile ya zamani huenda imevimba au imelika. Ikiwa ngumu, ilowekeni kwenye oili ya vuguvugu, isukumeni kwa kijiti kilicholainishwa. Bisibisi iacheni kwenye boksi.

Haya, sogeeni wawili wawili. Pamba hii hapa. Ipitisheni kwenye rodi mniambie inanasa wapi.