Manowari Slava na Kina cha Maji

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie utumishi wa manowari moja ya Kirusi ya mwanzo wa karne ya 20, nami nimeichagua Slava badala ya Potemkin, ambayo wengi wenu mmekwisha kuisikia. Nimeichagua kwa sababu miaka yake ya vita, na hatimaye kifo chake, viliamuliwa na jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa, yaani kina cha maji yaliyo chini ya meli. Tarehe nitakazozitaja ni za kalenda tunayoitumia leo, kwa kuwa kalenda ya Urusi ya wakati ule ilikuwa nyuma kwa siku 13.

Slava ilijengwa St. Petersburg, ikashushwa majini Agosti 1903, nayo ilikuwa ya mwisho kati ya manowari tano za aina ya Borodino. Ilikuwa na urefu wa mita 121, uzito wa zaidi ya tani 14,000, mizinga minne mikubwa ya milimita 305 na mingine 12 ya milimita 152. Ikiwa na shehena yake ya kawaida, sehemu ya mwili wake iliyozama majini ilikaribia mita tisa. Naomba mkikumbuke kipimo hicho cha mita tisa, kwa kuwa hayo mengine hayatatusumbua sana.

Dada zake wanne walikamilika mapema kuliko yeye, na hiyo ikawa bahati yao mbaya. Mwezi Oktoba 1904 waliondoka Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, chini ya Admeri Rozhestvensky kwenda kupigana na Wajapani, wakaizunguka Afrika kwa kupitia Rasi ya Tumaini Jema, wakatia nanga Nosy Be, kaskazini-magharibi ya Madagaska, si mbali na Visiwa vya Ngazija. Huko walikaa tangu Januari hadi Machi 1905, wakiungua kwa joto, wakibeba makaa ya mawe, na wakipokea habari kwamba Port Arthur, bandari waliyotumwa kuiokoa, ilikuwa imekwisha kusalimu amri. Tarehe 27 Mei 1905, huko Tsushima, katika mlangobahari ulio kati ya Japani na Korea, Knyaz Suvorov, Imperator Aleksandr III na Borodino zilizama zote siku moja. Katika Imperator Aleksandr III hakunusurika hata mtu mmoja, na katika Borodino alipona baharia mmoja tu. Oryol ilisalimu amri siku iliyofuata, ikaingizwa katika jeshi la majini la Japani. Slava ilikuwa bado mikononi mwa mafundi, ikakamilika Oktoba mwaka huo, vita vikiwa vimekwisha.

Mwaka uliofuata Waingereza walizindua Dreadnought yao, manowari ya mtindo mpya iliyozishinda zote kwa mizinga mikubwa na mwendo, na manowari zote za mtindo wa Slava zikawa za kizamani kwa siku moja. Kwa hiyo miaka yake ya amani nitaipitia haraka. Mwaka 1906 mabaharia wake hawakuaminiwa na serikali wakati wa maasi ya askari wa ngome ya Sveaborg, karibu na Helsinki. Mwaka 1910 mitambo yake iliharibika karibu na Gibraltar, ikalazimika kukaa muda mrefu Toulon ikitengenezwa. Katikati ya misukosuko hiyo kuna tukio moja la heshima. Tetemeko la ardhi lilipoubomoa mji wa Messina, alfajiri ya tarehe 28 Desemba 1908, kikosi cha mafunzo cha Warusi kilikuwa kando ya pwani ya Sicily, na mabaharia wa Slava pamoja na wenzao wa meli za Tsesarevich na Admiral Makarov wakawa miongoni mwa waokoaji wa kwanza wa kigeni kufika. Walifukua vifusi kwa mikono na masururu, wakawapeleka majeruhi Naples kwa meli zao. Watu wa Messina wanalikumbuka jambo hilo hadi leo.

Sasa twende kwenye Ghuba ya Riga, katika Bahari ya Baltiki, ambako wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli hii kuukuu ilipata kazi. Ghuba hiyo ina milango miwili: Mlango wa Irbe upande wa magharibi, wenye maji ya kutosha lakini uliotegwa mabomu mengi ya majini, na Mlango wa Moon upande wa kaskazini, kati ya visiwa na bara ya Estonia, ambao ni wa mafungu na maji haba. Wajerumani walipokuwa wakisonga mbele nchi kavu mwaka 1915, Warusi walihitaji mizinga mikubwa ndani ya ghuba. Manowari zao mpya zilikuwa za thamani mno kuhatarishwa mahali pembamba namna ile, kwa hiyo wakaiteua Slava. Mlango wa Moon haukuwa na kina cha kuipitisha, basi mwishoni mwa Julai ikapitishwa Irbe, mbele ya adui, ikisindikizwa na manowari hizo mpya. Ikisha kuingia, haikuwa na njia rahisi ya kutoka.

Mwezi Agosti Wajerumani walijaribu mara mbili kufagia mabomu ya Irbe ili waingie. Mizinga ya Slava haikuweza kuinuliwa zaidi ya nyuzi 15, na kwa kiwango hicho makombora yake hayakuwafikia. Hapa wahandisi wa meli walifanya jambo ambalo binafsi nalipenda kuliko yote katika historia hii. Waliingiza maji ya bahari kwa makusudi katika vyumba vya ubavu mmoja, meli ikainama kwa nyuzi tatu, na ubavu wa pili, uliomwelekea adui, ukainuka pamoja na mizinga yake. Kwa njia hiyo makombora yalifika karibu kilomita 16. Ndiyo kusema kwamba nahodha aliizamisha meli yake kidogo ili apate kupigana.

Tarehe 17 Agosti ilikabiliana na manowari za Kijerumani Nassau na Posen, ambazo kila moja ilikuwa na nguvu kuliko yeye, ikapigwa na makombora matatu ya milimita 283. Moja lilipenya ubavu, likapita katika ghala la makaa ya mawe, likalipukia penye lifti ya kupandishia risasi, moto ukawaka, na mabaharia wakalifurika maji ghala la baruti lililokuwa jirani kabla halijalipuka. Slava ilirudi nyuma lakini haikuacha kuelea. Wajerumani waliingia ghubani kwa siku chache, kisha wakaondoka kwa kuhofia mabomu na nyambizi. Mwezi mmoja baadaye, ilipokuwa ikipiga ngome za Wajerumani za nchi kavu, kombora liliupiga mnara wa uongozi na kumuua nahodha wake, Sergei Vyazemsky.

Mfereji wa Mlango wa Moon ulichimbwa na kuongezwa kina, hata mwaka 1916 Slava ikaweza kutoka kwenda kutengenezwa. Safari hii mizinga yake iliwezeshwa kuinuka hadi nyuzi 25, na masafa yake yakafika kilomita 21. Ukiniuliza, hapo ndipo ilipopata silaha iliyostahili kuwa nayo tangu mwanzo, isipokuwa kwamba iliipata muda mfupi kabla ya mwisho wake.

Tarehe 17 Oktoba 1917, Wajerumani wakiwa wanaviteka visiwa vya Estonia, Slava na Grazhdanin, ambayo ni ile ile Tsesarevich iliyobadilishwa jina baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka huo, zilisimama kusini mwa Mlango wa Moon chini ya Admeri Bakhirev kuzizuia manowari za Kijerumani König na Kronprinz. Asubuhi makombora ya Slava yaliwarudisha nyuma wafagia mabomu. Hata hivyo, baada ya mizinga ya mnara wa mbele kupiga mara 11 tu, magurudumu ya meno ya shaba ya kuigeuzia yalipinda, na mnara wote ukanyamaza. Hakuna adui aliyeugusa. Mashua za Wajerumani zilifagia njia nyingine, König ikasogea, na kwenye saa nne na nusu asubuhi makombora matatu yakaipiga Slava kwa mkupuo mmoja, mawili kati yake chini ya usawa wa maji upande wa omo. Zaidi ya tani 1,100 za maji ziliingia, meli ikalala upande kwa nyuzi nane. Mafundi walifurika upande wa pili ili kuisimamisha wima, lakini kila tani waliyoiingiza ilizidi kuididimiza. Mbinu iliyowafaa mwaka 1915 sasa iliwafungia njia.

Amri ya kurudi kaskazini ilipotolewa, Slava ilikuwa imezama mno kuupita mfereji. Nahodha wa kwetu, akikwama mlangoni mwa bandari ya Mombasa, husubiri maji yajae, na siku za bamvua bahari humnyanyua kwa zaidi ya mita tatu. Baltiki haina maji kujaa wala kupwa ya kuhesabika, kwa hiyo hapakuwa na la kusubiri. Nahodha Antonov alikusudia kuizamisha meli mdomoni mwa mfereji, baada ya wenzake kupita, ili iwe kizuizi. Kamati ya mabaharia, ya aina iliyochaguliwa na mabaharia wenyewe baada ya mapinduzi, iliwaamuru watu watoke chumba cha injini mapema, na meli isiyo na wa kuiendesha ikakwama kwenye fungu kando ya mfereji. Wapo wanaoilaumu sana kamati hiyo. Mimi naona lawama hiyo ni ya kweli lakini ni ndogo, kwa maana watu waliokuwa chini, gizani, maji yakipanda, hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba wangekumbukwa. Manowari ndogo ziliwachukua mabaharia, ghala la baruti la upande wa tezi likalipuka, kisha mojawapo ya manowari ndogo hizo, Turkmenets-Stavropolsky, ikaimalizia Slava kwa topido. Grazhdanin ilipita salama.

Waestonia walilikatakata gofu lake mwaka 1935 na kuuza chuma. König na Kronprinz zilizamishwa na mabaharia wao wenyewe huko Scapa Flow, Uskoti, tarehe 21 Juni 1919, na hadi sasa zimelala huko, ambako wapiga mbizi huenda kuzitazama.