Askari Aliyerudi Kutazama Alipoangusha Mabomu

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana wa historia, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie maisha ya Howard Zinn, mwanahistoria wa Marekani, na wanaonifahamu wanajua nitaishia wapi, kwa sababu jambo hili nimelisema kila nilipopewa nafasi ya kusimama. Nitalisema mpaka mtu abebe daftari akalifanyie kazi.

Mengine mtayasoma wenyewe. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1922, wazazi wake Wayahudi wahamiaji, baba mhudumu wa mikahawa. Akiwa na miaka 18 alipata kazi kwenye kiwanda cha kuunda meli za kivita, na kazi ile ilikuwa inamwepusha na kuandikishwa jeshini kwa lazima. Kwa hiyo angeweza kubaki. Hakubaki. Mwaka 1943 alijiunga mwenyewe, kwa sababu aliamini ufashisti lazima upigwe, na mimi sisemi alikosea kuamini hivyo. Wakamfundisha kulenga na kuangusha mabomu, wakampeleka Uingereza, kituo cha Eye, Suffolk, kwenye ndege za B-17.

Sasa sikilizeni habari ya Royan. Nitakaa hapa muda mrefu, mnivumilie.

Ni katikati ya Aprili 1945. Kila mtu kituoni anajua vita inaisha, watu wanahesabu siku za kurudi kwao. Usiku wa manane wanaamshwa. Wanaambiwa wanakwenda Royan, mji mdogo wa pwani nchini Ufaransa, pale mto Gironde unapoingia Atlantiki. Kuna wanajeshi wa Kijerumani elfu kadhaa wamebaki pale. Vita imewapita, imesonga hadi ndani ya Ujerumani kwenyewe. Hawana pa kwenda, wanangoja mwisho tu. Na wanaambiwa kwamba safari hii mzigo ni tofauti. Siku zote ndege hubeba mabomu 12 ya ratili 500. Leo kila ndege inabeba makopo 30 ya ratili 100, na ndani yake kuna petroli iliyogandishwa kama uji mzito. Jina lake hawakuambiwa. Ndiyo ile iliyokuja kujulikana dunia nzima kuwa napalmu, na hapo Ulaya ilikuwa bado haijazoeleka.

Ndege zaidi ya 1,200 ziliruka. Zinn yuko juu, maili tano hivi kutoka ardhini. Alichokumbuka baadaye ni miale midogo midogo huko chini, kama njiti za kiberiti zinazowashwa ndani ya ukungu. Basi. Hakuona mtu, hakusikia yowe, hakunusa moshi. Akarudi kituoni. Wiki tatu baadaye vita ya Ulaya ikaisha.

Alivyojieleza mwenyewe, na hapa ndipo ninapompendea, hakusema moyo wake ulimsuta siku ile. Alikiri kwamba hakuwaza kitu. Kazi ilitolewa, kazi ikafanyika. Hata Hiroshima ilipopigwa Agosti, yeye alikuwa likizo Marekani na mkewe, akaona kichwa cha habari gazetini akafurahi, kwa sababu ilimaanisha hatapelekwa Japani. Ni baada ya kusoma taarifa ya mwandishi aliyekwenda Hiroshima kuwasikiliza walionusurika ndipo akaanza kuelewa bomu hufanya nini linapofika chini. Na hapo Royan ikamrudia. Nishani na karatasi zake za jeshini alikuwa ameshazitia kwenye jalada na kuandika juu yake: isitokee tena.

Sasa wengi wangeishia hapo. Askari ameumia moyo, anatoa ushuhuda, watu wanatikisa vichwa, tunakunywa chai. Zinn hakuishia hapo. Alisoma. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1944 ya kuwalipia masomo askari waliorudi vitani, akaingia chuo kikuu akiwa na miaka 27, ana mke na watoto, usiku anapakia mizigo kwenye malori ghalani. Akafika shahada ya uzamivu Columbia mwaka 1958. Kisha mwaka 1966, akiwa mwalimu wa chuo kikuu, akafunga safari hadi Royan. Kwa miguu yake! Akapekua nyaraka, akazungumza na watu waliokuwa chini siku ile. Akagundua kwamba Januari 1945, kabla yeye hajafika na ndege yake, Waingereza nao walikuwa wameupiga mji uleule, wakaua raia zaidi ya 1,000. Akafuatilia amri ya Aprili ilitoka kwa nani na kwa sababu ipi. Akakuta hamu ya majenerali ya ushindi wa mwisho kabla vita haijafungwa, na hamu ya kuijaribu silaha mpya. Akakuta pia watu wengi, kuanzia juu kabisa hadi kwake yeye mwenye kidole kwenye swichi, kila mmoja akiwa na amri ya mwenzake mfukoni.

Mmemwona anavyofanya? Haulizi kama alikuwa shujaa, wala haombi tumhurumie. Anauliza amri ilitoka wapi, na chini kulikuwa na nani. Tunasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na tukishasema hivyo tunarudi kuandika habari za mafahali. Yeye alikwenda kuziuliza nyasi.

Najua kuna mtu anasema moyoni: lakini huyu alikuwa mwanaharakati, historia yake inaegemea upande. Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na wanahistoria wenye heshima zao wamemkosoa kitabu chake kikubwa cha mwaka 1980 kuhusu historia ya Marekani, wakisema amewapanga watu katika wema na wabaya kupita kiasi. Baadhi ya hoja zao nazikubali. Lakini kwenye jambo la Royan, aliegemea upande gani? Alijichunguza mwenyewe! Alichukua kitendo chake, chenye saini ya jeshi lake, katika vita aliyoiamini, akakiweka mezani kama nyaraka nyingine yoyote. Anayemwita mwenye upendeleo anioneshe ukurasa ambao yeye amejichunguza hivyo.

Na mwingine atasema: hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Askari wetu wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana Burma, wakarudi, na hakuna aliyewawekea sheria ya kuwalipia chuo kikuu. Waliozungumza kwa maandishi ni wachache mno. Mzee Waruhiu Itote wa Kenya aliandika kumbukumbu zake. Wengine wengi wamezikwa na habari zao.

Lakini hao wa Burma tumeshachelewa. Ninaowalilia mimi ni hawa wa vita ya Kagera, dhidi ya Idi Amin wa Uganda, ambao wapo, na wengine wapo humu ndani. Mjomba wangu alikuwemo. Alikuwa akitusimulia vita ile kwa vizibo vya soda. Anavipanga kwenye mkeka, hivi vyekundu ni sisi, hivi vya kijani ni Amin, hapa daraja la Kyaka limeshalipuliwa, hapa Mutukula. Anavisogeza kimoja kimoja kwa kidole, taratibu, hadi Kampala, Aprili 11, 1979. Tulikuwa tunampigia makofi. Siku moja, nimeshakuwa mwalimu, nikamuuliza: mjomba, na Masaka? Akanyamaza. Akavikusanya vizibo akavirudisha kwenye kopo. Masaka, mji wa Uganda, iligeuzwa kifusi kwa hasira ya yaliyotendwa Kagera, na hasira ile ilikuwa na sababu. Watu wetu waliuawa, ng'ombe wao wakaswagwa, nyumba zao zikachomwa. Lakini Masaka kulikuwa na wenye nyumba pia. Mjomba alijua kitu, na mimi sikuuliza mara ya pili. Nilidhani kumuuliza ni kumvunjia heshima. Amefariki, na kopo la vizibo liko kwangu.

Sisemi haya kuichafua vita ile. Tulivamiwa. Nasema kwamba vita ya haki ndiyo inayohitaji zaidi kuchunguzwa, kwa sababu ndiyo tunayoona haya kuiuliza maswali. Zinn alijua hilo kwa sababu vita yake ilikuwa dhidi ya Hitler.

Naonyeshwa saa. Haya, nitakimbia. Nilitaka kuwaeleza kuhusu Chuo cha Spelman, Atlanta, alikofundisha wasichana weusi kuanzia 1956, akaandamana nao, akafukuzwa 1963, na chuo hichohicho kikamtunuku shahada ya heshima mwaka 2005. Boston, miaka 24. Safari ya Hanoi mwaka 1968 kupokea marubani watatu wa Marekani walioachiliwa. Fikirieni, mtupa mabomu wa zamani anakaa mjini unaopigwa mabomu na nchi yake. Hilo lilihitaji mhadhara wake. Siku yake ya mwisho darasani, mwaka 1988, alimaliza kipindi nusu saa kabla ya muda akaenda kuungana na wauguzi waliokuwa wamegoma, na wanafunzi wake wengi wakamfuata. Alifariki Januari 2010. Maswali yaandikeni, nitayajibu nje.

Mzee wangu wa mstari wa kwanza, wewe mwenye kofia, tulizungumza mlangoni ukaniambia ulifika Masaka. Jumamosi nitakuja nyumbani kwako ukiniruhusu. Nitakuja na daftari, kinasa sauti na lile kopo la vizibo, na safari hii nitauliza mara ya pili.