Msiba Haumngoji Fundi

Mabibi na mabwana, leo mwanamke akiingia dukani akatoka na gauni lililokwisha kushonwa, hakuna anayeshangaa. Uingereza ya karne ya 19, kilichoharakisha mazoea hayo, pamoja na mengine, kilikuwa kifo.

Gauni la bibi mwenye uwezo lilibana kifua na kiuno. Alipimwa, akarudi kujaribisha, fundi akafumua na kushona upya. Sasa mume amekata roho usiku. Mjane anatakiwa avae nyeusi mara moja, na macho ya watu yako kwake. Fundi gani atawahi?

Mwaka 1841 William Chickall Jay alifungua duka kubwa la nguo za msiba Regent Street, London. Siri ilikuwa kwenye sketi. Sketi ilikuwa pana, inashika kiunoni tu, kwa hiyo iliweza kuuzwa imekwisha kushonwa. Sehemu ya juu ndiyo iliyobaki kumaliziwa mwilini. Aliyeishi mbali alipiga telegramu, na duka likampandisha mshonaji treni na mizigo ya nguo, bila kumdai mteja nauli.

Kitambaa chenyewe, krepu, nakitaja kwa uchungu. Ni hariri iliyofinywa ikakakamaa, haina mng'ao hata kidogo, maana kung'aa msibani ilikuwa aibu. Ikinyeshewa inafanya madoa, na rangi inachuja hadi shingoni. Mjane alikaa nayo mwaka na zaidi, kisha nyeusi ya kawaida, kisha kijivu na zambarau. Mwanamume aliyefiwa na mke? Suti yake nyeusi na kitambaa kwenye kofia, basi. Huo haukuwa uadilifu, na viwanda vya Courtauld kule Essex vilitajirika kwa krepu.

Malkia Victoria alivaa nyeusi tangu mumewe Albert alipofariki Desemba 1861 hadi alipofariki yeye, 1901. Huyo anatajwa sana. Mimi namkumbuka zaidi mke wa kibarua, aliyechemsha gauni lake la pekee kwenye sufuria ya rangi nyeusi.

Vyerehani vilivyoenea tangu miaka ya 1850 vikaongeza kasi. Sketi na makoti ya rangi nyingine yakauzwa vivyo hivyo. Sehemu ya juu ilichelewa. Ilingoja blauzi za kulegea za miaka ya 1890, ambazo makarani wa kike na wauza duka walizinunua tayari, wakavaa, wakaenda kazini.