Boti Inayokaa Chini kwa Nyuma: Uzito Umetoka Wapi?

Assalaam alaykum, wazee wangu, ndugu zangu wavuvi, na nyinyi mafundi mliojibanza kivulini kule nyuma.

Nimeombwa nizungumzie hizi boti za faiba za mita sita, zenye mashine ya kupachika, ambazo kila mwaka zinazidi kukaa chini upande wa tezi, yaani nyuma. Zamani ukingo wa nyuma ulikuwa juu ya maji vizuri tu. Leo umebaki shibiri moja, na ukipunguza moto ghafla wimbi lako mwenyewe linakufuata na kuingia bila hodi. Dawa ninayoisikia kila mwalo ni ileile: mimina sponji gumu chini ya sakafu, au funga madumu matupu humo ndani, boti itapanda.

Haitapanda, ndugu zangu. Chombo kinabebwa na maji kinayoyasukuma pembeni. Pale unapoweka dumu palikuwa na hewa tangu mwanzo. Umetoa hewa, ukaweka hewa iliyofungwa kwenye plastiki, na uzito wa plastiki umeuongeza juu yake. Dumu lina kazi yake siku boti ikijaa maji: hapo lile la lita 20 linabeba karibu kilo 20, na nyinyi mnapata cha kushikilia. Kwa hiyo madumu fungeni, tena yakazeni sana, ila msitegemee yainue boti inayoelea.

Boti iliyoshuka inainuliwa kwa kuipunguzia uzito, kuuhamisha uzito, au kuiongezea tumbo lililo chini ya maji. Lakini kwanza ujue imeshuka kiasi gani.

Chukua boti ya mita 6, upana kwenye usawa wa maji mita 1.5. Zidisha, na kwa kuwa omo, yaani mbele, imechongoka, kata hadi sehemu saba za kumi. Unapata mita za mraba 6.3. Kuizamisha sawasawa sentimita moja kunataka uzito wa kilo 65 hivi. Sasa itazame boti yako ikiwa tupu, maji shwari. Kama mstari wake wa zamani umezama sentimita 5, umebeba kilo 300 na ushei ambazo hukuzipakia. Hao ni abiria wanne wanene wasiolipa nauli, na kila siku unawachomea petroli. Kule Uingereza mbunge Samuel Plimsoll alipiga kelele kuhusu meli zinazojazwa kupita kiasi, hadi sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha alama ya shehena ubavuni. Wewe huhitaji bunge. Siku boti ikiwa mpya, chora mstari wa rangi.

Abiria hao wamejificha wapi? Mara nyingi ni maji. Lile sponji la kiwandani chini ya sakafu hunyonya maji polepole miaka nenda rudi, na hayakumbwi kwa upo, kile chombo cha kutolea maji botini, kwa sababu huyaoni. Pengine ni ule ubao wa nyuma unaobeba mashine: ndani yake kuna plaiwudi, na kila bolti iliyopitishwa bila kuzibwa vizuri ni mlango wa maji.

Usibahatishe. Gonga ubao huo kwa mpini wa nyundo kuanzia juu kwenda chini. Palipo pazima panalia kwa ukali. Palipooza panajibu kwa sauti nzito. Kisha chukua keekee yenye jino la milimita 6, zungushia jino utepe lisije likatokea upande wa pili, toboa kutoka ndani, karibu na chini. Unga ukitoka mweupe na mkavu, ziba tundu uende zako. Ukitoka wa kahawia, umelowa, unanata kidoleni na kunuka uchachu, hapo hakuna rangi wala mati, yaani mkeka wa faiba, ya juu juu itakayokusaidia. Sakafu nayo itoboe, uchomoe kipande cha sponji ukikamue mkononi.

Kazi yenyewe inataka siku kavu. Ipandisheni boti kwa maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, hadi juu kabisa. Hapo mna kama wiki mbili kabla bamvua jingine halijaja. Kata sakafu kwa vipande, toa sponji lote lililolowa. Ubao wa tezi ufungue kwa ndani, uache ngozi ya nje ikupe umbo. Weka plaiwudi ya bahari, mbili za milimita 18 zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi. Kingo za faiba zipige grenda zilale kwa mteremko mrefu, mara kumi na mbili ya unene wake, ndipo mati mpya ishike. Matundu ya bolti toboa makubwa, jaza epoksi, ikikauka toboa tena saizi ya bolti. Mafundi wengi wanairuka hatua hii, nami nashindwa kuelewa, maana ndiyo iliyoozesha ubao wa kwanza. Mahali pa sponji wekeni madumu yaliyofungwa vizuri, na acheni njia ya ngama, yaani maji yanayojikusanya chini ya boti, kutiririka hadi kwenye kizibo.

Naam, mzee wangu, uliza.

(Mzee mmoja aliuliza kwa nini wasipandishe kuta kwa mbao tu.)

Shikamoo, mzee. Ukuta unazuia wimbi, hilo ni kweli. Lakini umeongeza uzito, tena juu, na tumbo bado limeshiba maji, boti italewalewa. Ikishakauka, ukipenda inua tezi peke yake, ila ujue mashine itabidi iwe ya shafti ndefu. Fupi inataka tezi ya sentimita 38 hivi, ndefu 51.

(Kijana fundi aliuliza kuhusu uzito wa mashine ya mipigo minne.)

Swali zuri. Ya nguvu za farasi 40 ya mipigo minne inapita kilo 90. Ile ya zamani ya mipigo miwili ni sabini na kitu hadi themanini. Tofauti si kubwa, lakini yote inaning'inia mwisho kabisa. Sogeza tangi la petroli na sanduku la barafu kuelekea omo: lita 60 za petroli ni kilo 45. Bado inakaa chini? Jenga maboksi mawili ya faiba kila upande wa mashine, yasiingize tone. Kila lita 60 zinazozama zinainua kama kilo 60 palepale panapolemewa. Chini ya boksi pasishuke kupita tumbo la boti. Papande kidogo, la sivyo litaburuza maji ukiwa kwenye mwendo.