Kabla Hujasema Dawa Haifanyi Kazi, Tazama Tyubu

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo ni zamu ya dawa za kupaka. Kaka Kassim, wewe ni mfamasia. Mtu akija akasema, "Hiyo krimu nimepaka wee, haijanisaidia kitu," unaanzia wapi?

KASSIM: Naanzia kwenye tyubu, dada. Namwomba aje nayo niione. Mtu mzima anayepaka mkono mzima, kuanzia begani mpaka kwenye kifundo, asubuhi na jioni, anamaliza tyubu ya gramu 15 kwa siku 5 hivi. Sasa akiniletea baada ya mwezi ikiwa bado nusu, hiyo dawa hata haijajaribiwa.

ZUHURA: Siku 5! Wengi wataona huo ni ubadhirifu.

KASSIM: Wataona hivyo kwa sababu tumewaambia "paka kidogo." Kidogo cha nani? Mmoja anachovya ncha ya kidole, mwingine anajaza kiganja. Kipimo kipo. Wataalamu wawili wa Uingereza, Long na Finlay, walikieleza mwaka 1991. Nyoosha kidole cha shahada, kamua dawa juu yake mstari mmoja, kuanzia kwenye mkunjo ulio karibu zaidi na ncha mpaka nchani.

ZUHURA: Ngoja nijaribu na hii losheni nzito hapa... Kumbe ni nyingi hivi?

KASSIM: Ndiyo hiyo, kama nusu gramu. Inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Uso na shingo ni vipimo 2 na nusu, mkono 3, mguu 6. Mtoto anapungua kulingana na umri, ila kidole cha kupimia ni cha mtu mzima.

ZUHURA: Lakini kaka, watu wanaogopa. Wakisikia steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, wanasikia ngozi kuharibika.

KASSIM: Na hofu hiyo ina msingi, siwezi kuibeza. Steroidi kali ikipakwa muda mrefu, hasa usoni na kwenye mikunjo ya mwili, hufanya ngozi iwe nyembamba. Ikipakwa kwenye fangasi, inaficha wekundu huku fangasi wakiendelea kuenea. Lakini mtoto mwenye pumu ya ngozi akipewa steroidi inayomfaa, halafu mama akampaka kiduchu kwa woga, mtoto anaendelea kujikuna usiku kucha. Mwishowe anaandikiwa dawa kali zaidi ambayo huenda hakuihitaji.

ZUHURA: Hilo linauma. Na kusahau je?

KASSIM: Kusahau ni kukubwa kuliko tunavyokiri. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia watoto wenye pumu ya ngozi kwa wiki 8, na vifuniko vya dawa vilikuwa na kifaa kinachorekodi kila kinapofunguliwa. Kwa wastani dawa ilitumika asilimia 32 tu ya inavyotakiwa. Siku za karibu na kumwona daktari inapanda, zikipita inaporomoka.

ZUHURA: Mimi siwalaumu wazazi. Kumpaka mtoto anayelia na kurusharusha miguu, mara mbili kwa siku, kila siku, ni kazi nzito.

KASSIM: Nzito kweli. Na ukiongeza mafuta ya kulainisha ngozi, unatakiwa kuyatenganisha na steroidi kwa dakika 20 au 30. Asubuhi ya shule, nani ana nusu saa hiyo? Ndiyo maana nauliza kwanza: saa ngapi nyumbani kwenu kuna utulivu? Steroidi nyingi zinatosha mara moja kwa siku, kwa hiyo muulize daktari kama yako ni mojawapo.

ZUHURA: Na wale wa fangasi wanaoacha mara muwasho unapoisha?

KASSIM: Hao nawasihi. Kwa dawa kama klotrimazoli, endelea wiki 2 baada ya ngozi kuonekana safi.

ZUHURA: Basi msikilizaji akifika dirishani kwako leo, adai nini?

KASSIM: Adai niandike kwenye lebo: vipimo vingapi, wapi, mara ngapi kwa siku, mpaka tarehe gani. Halafu ahakikishe nimempa dawa ya kumfikisha hiyo tarehe.